Kutoka Uadui hadi Huba katika Majumba ya Makabaila wa Kiingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo nimeulizwa na wasomaji pamoja na waandishi chipukizi katika miaka niliyoitumia kusoma riwaya za mapenzi za kihistoria na baadaye kujaribu kuziandika kwa Kiswahili. Pale ambapo jibu fupi lingempotosha muulizaji nimejibu kwa kirefu, na pale ambapo hakuna mengi ya kusema nimepita haraka.

Riwaya za maadui wanaogeuka wapenzi ni zipi hasa?

Ni riwaya ambamo wahusika wakuu wawili huanza wakiwa na sababu ya kweli ya kuchukiana, kisha kwa mwendo wa polepole unaoaminika wanafika mahali pa kupendana na, mara nyingi, kuoana. Waswahili walikwisha kusema kwamba wagombanao ndio wapatanao, lakini ugomvi wa kutaniana peke yake hautoshi kuibeba riwaya nzima. Mtu anayekuudhi karamuni si adui yako. Adui ni mtu ambaye ushindi wake ni hasara yako. Aina ninayoizungumzia hapa huwekwa miongoni mwa makabaila wa Uingereza, yaani koo zenye ardhi na vyeo vya kurithi, hasa kati ya katikati ya karne ya 18 na katikati ya karne ya 19.

Kwa nini uadui? Kwa nini wahusika wasipendane tu tangu mwanzo?

Hili ndilo swali ninalolijali kuliko yote, kwa sababu anayelielewa jibu lake ameielewa aina nzima ya riwaya hizi.

Katika Uingereza ya mwaka 1815, mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa kuwa mtu kamili mbele ya sheria. William Blackstone, mwanasheria ambaye juzuu ya kwanza ya ufafanuzi wake wa sheria za Uingereza ilitoka mwaka 1765, alieleza kwamba mume na mke ni mtu mmoja kisheria, na kwamba nafsi ya kisheria ya mke husimamishwa kwa muda wote wa ndoa. Fedha za mke, vito vyake na samani zake vilikuwa mali ya mume tangu siku ya harusi. Ardhi aliyokuja nayo ilisimamiwa na mume, naye ndiye aliyechukua kodi zake. Mke hakuweza kufungua kesi kwa jina lake mwenyewe, wala kuandika wosia bila ridhaa ya mumewe, na watoto walikuwa wa baba.

Sasa tazama jinsi uchumba wenyewe ulivyoendeshwa. Binti alimwona mposaji wake dansini, mezani na bustanini, daima mama au shangazi akiwa hatua chache nyuma yao, na kila mtu akiwa amevaa sura yake ya hadharani. Baada ya majuma machache ya tabasamu, alitakiwa aweke mwili wake, mali yake na watoto wake wa baadaye mikononi mwa mwanamume ambaye hajapata kumwona akikasirika, akishindwa, au akizungumza na mtu asiyekuwa na cha kumpa.

Adui wake, kinyume na mposaji huyo, binti amemwona katika hali hizo zote. Anajua sauti yake inakuwaje anapopoteza kesi, anajua kama hulipiza kisasi kwa watumishi, anajua kama hutimiza ahadi inayomwumiza. Ubaya wa mtu huyo umekwisha kuwekwa mezani kabla ya posa, kwa hiyo wema wake unapojitokeza hauwezi kuwa chambo. Mwanamume naye, hasa akiwa na cheo kikubwa, amezungukwa tangu utotoni na watu wanaokubali kila analolisema, na mwanamke anayemchukia ndiye wa kwanza kumwambia ukweli bila kutarajia malipo. Kwa maoni yangu, msomaji haufurahii uadui wenyewe. Anachokifurahia ni kuona watu wawili wanaofahamiana vya kutosha kabla ya mmoja wao kukabidhi kila alicho nacho.

Je, uadui huo hutokana na nini?

Chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni ardhi. Milki kubwa za makabaila zilifungwa kwa hati za urithi zilizomfanya mwenye milki awe kama mlinzi wa muda tu: alikula mapato yake maishani mwake, lakini hakuweza kuiuza kwa hiari yake, na akifa milki ilikwenda kwa mwanawe wa kwanza wa kiume. Akiwa hana mtoto wa kiume, mara nyingi cheo na milki vilimwangukia binamu, hata kama binamu huyo hajawahi kukanyaga pale. Mabinti walibakiwa na kiasi cha fedha kilichotajwa katika hati, na mjane alipewa posho na pengine nyumba ndogo kando ya milki.

Fikiria, basi, binti wa kabaila mwenye cheo cha eli, aliyefariki; binti huyo ana umri wa miaka 24, ambaye kwa miaka sita ndiye aliyekuwa akisimamia mashamba kwa sababu baba yake alikuwa mgonjwa. Anajua ni mpangaji gani paa lake linavuja na ni mfereji gani unafurika mwezi wa Novemba. Asubuhi moja gari la farasi linaingia uani, anashuka binamu wa mbali aliyetoka jeshini, na binti huyo anatakiwa ampe shada la funguo. Bado zina joto la kiganja chake. Binamu hajafanya kosa lolote, sheria iko upande wake, na kwa sababu hiyohiyo binti anamchukia kuliko ambavyo angemchukia mwizi. Hapo tayari tuna riwaya, na hakuna mtu aliyelazimika kuwa mwovu.

Chanzo cha pili ni madeni ya kamari. Katika klabu za White's na Brooks's, zote mbili katika mtaa wa St James's jijini London, watu waliweza kupoteza kwa usiku mmoja mapato ya mwaka mzima. Deni la karata liliitwa deni la heshima, na lililipwa mbele ya deni la mshonaji au mwokaji mikate, ingawa hao ndio waliokuwa na watoto wa kulisha. Wanawake nao hawakusalimika: Georgiana, mke wa Duki wa Devonshire, aliyefariki mwaka 1806, aliishi miaka mingi akimficha mumewe ukubwa wa madeni yake. Kaka aliyeipoteza nyumba ya mama yake kwa karata ni chanzo kizuri cha chuki kati ya dada yake na yule aliyeshinda.

Siasa pia ilitenganisha familia. Wafuasi wa chama cha Whig walikusanyika Brooks's na wa Tory walikusanyika White's, na ugomvi wao uliweza kufikia bastola. Tarehe 21 Septemba 1809 mawaziri wawili wa serikali moja, Castlereagh na Canning, walipigana kwa bastola katika uwanda wa Putney Heath, na Canning akajeruhiwa pajani. Mwaka 1829 Duki wa Wellington alipambana hivyohivyo na Eli wa Winchilsea kwa sababu ya sheria ya kuwapa Wakatoliki haki za kisiasa, na wakati huo Wellington alikuwa Waziri Mkuu. Kama watu wa ngazi hiyo waliweza kusimama alfajiri wakielekezeana mitutu, mwandishi hana haja ya kutia chumvi.

Chanzo dhaifu kuliko vyote ni kutoelewana ambako kungekwisha kwa mazungumzo ya dakika tano. Msomaji hukigundua mapema na hukichoka haraka.

Riwaya hizi huwekwa katika enzi gani hasa?

Nyingi huwekwa kati ya mwaka 1811 na 1820. Mfalme George III aliugua akili kiasi cha kushindwa kutawala, na tangu Februari 1811 mwanawe mkubwa alishika madaraka kwa niaba yake hadi mfalme alipofariki Januari 1820. Mimi huiita enzi ya Kaimu Mfalme, kwa kuwa neno kaimu kila msomaji wa Kiswahili analielewa. Ni miaka ya vita vya Napoleon, vilivyokwisha Waterloo mwaka 1815, kwa hiyo ni miaka ya wajane vijana, ya maofisa waliorudi na majeraha, na ya warithi wasiotarajiwa ambao kaka zao walifia vitani.

Vyeo vinapangwaje, na nani anaitwaje?

Kuna madaraja matano ya malodi, kutoka juu kwenda chini: duki, markwisi, eli, vaikaunti na baroni. Baroneti ana cheo cha kurithi lakini si lodi, na hakuwa na kiti katika Baraza la Malodi. Sir hana uhusiano wowote na ulodi. Ni heshima ya baroneti au ya mtu aliyetunukiwa, na huambatana na jina la kwanza, kamwe si na jina la ukoo peke yake.

Duki huitwa Mtukufu, na wengine wanne huitwa Lodi fulani kwa jina la cheo, ambalo mara nyingi si jina lao la ukoo. Binti wa duki, wa markwisi au wa eli huitwa Ledi pamoja na jina lake la kwanza, na hubaki na heshima hiyo hata akiolewa na mtu asiye na cheo. Mwana mkubwa wa duki hutumia cheo kidogo cha baba yake kwa heshima tu, bila kuwa lodi kisheria, ndiyo maana aliweza kugombea ubunge katika Baraza la Wawakilishi. Wadogo zake ni raia wa kawaida wenye majina mazuri na mifuko myepesi, nao ndio waliokwenda jeshini, kanisani au India.

Sheria ya ndoa ilisemaje, na je, kweli watu walitorokea Scotland?

Walitoroka kweli. Sheria ya mwaka 1753, iliyosimamiwa na Lodi Hardwicke na kuanza kutumika Machi 1754, ilitaka ndoa zote zifungwe katika kanisa la Anglikana, isipokuwa za Wakweka (waumini wa dhehebu la Quaker) na za Wayahudi. Ilikuwa lazima ndoa itangazwe kanisani Jumapili tatu mfululizo, jambo ambalo Mkristo yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kusikia majina ya wachumba yakisomwa kanisani analifahamu vizuri, au ipatikane leseni ya askofu. Aliye chini ya miaka 21 hakuweza kuoa au kuolewa kwa leseni bila idhini ya baba au mlezi. Leseni maalumu ya Askofu Mkuu wa Canterbury iliruhusu ndoa ifungwe mahali popote na saa yoyote. Bila leseni hiyo ndoa ilifungwa kanisani asubuhi, kati ya saa mbili na saa sita mchana, na ndiyo maana harusi za riwaya hizi hufuatwa na kifungua kinywa.

Scotland haikuhusika na sheria hiyo. Huko ilitosha mwanamume na mwanamke kutamka mbele ya mashahidi kwamba wameoana, na kijiji cha Gretna Green, kwa kuwa kiko mara tu baada ya mpaka, kikawa kimbilio la waliokataliwa. Mwaka 1856 ilipitishwa sheria mpya iliyodai mmoja wao awe ameishi Scotland siku 21, na mbio hizo zikapungua.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka 1782. Sarah, mtoto pekee wa Robert Child, tajiri wa benki aliyemiliki jumba la Osterley, alitoroka na Eli wa Westmorland akafunga ndoa Gretna Green. Baba alikasirika asiweze kutulia, akaubadilisha wosia wake ili utajiri usiwafikie warithi wa cheo cha Westmorland, akafariki mwaka huohuo. Mali ikamwendea mjukuu wake wa kike, Sarah Sophia, aliyekuja kuwa mke wa Eli wa Jersey, mbia mkuu wa benki ya babu yake kuanzia mwaka 1806 hadi alipofariki mwaka 1867, na mmoja wa wanawake walioamua nani aingie katika dansi za ukumbi wa Almack's jijini London. Chuki ya mkwe kwa eli ndiyo iliyomfanya mwanamke huyo awe na benki. Hakuna mwandishi ambaye angethubutu kuibuni.

Je, mwanamke hakuwa na ulinzi wowote?

Alikuwa nao kiasi, kama familia yake ilikuwa na fedha za kumlipa mwanasheria. Kabla ya harusi, pande mbili zilikaa kuandika hati ya makubaliano iliyotaja posho ya mke ya kila mwaka, haki yake akifiwa na mume, na sehemu za watoto. Mali iliyowekwa mikononi mwa wadhamini kwa matumizi yake binafsi mume hakuweza kuigusa. Hati hizo ni hazina kwa mwandishi. Mwanamume anayeamrisha mawakili wake waandike masharti yanayomfunga yeye mwenyewe, tena bila kumwambia mwanamke, amesema jambo ambalo kurasa kumi za maneno matamu haziwezi kulisema.

Nje ya hati hizo, hali ilikuwa ngumu. Kabla ya Januari 1858, talaka iliyoruhusu kuoa au kuolewa tena ilihitaji sheria mahususi ya Bunge, na katika muda wote huo wanawake wanne tu walifanikiwa kuipata, wa kwanza akiwa Jane Addison mwaka 1801. Caroline Norton, mwandishi aliyeolewa mwaka 1827 na ndugu wa Baroni Grantley, alipigwa na mumewe, akashuhudia mumewe akimshtaki Waziri Mkuu Melbourne mwaka 1836 kwa madai ya kuzini na Caroline, na hata baada ya madai hayo kutupwa akanyimwa wanawe watatu. Maandishi yake yalichangia kupatikana kwa sheria ya mwaka 1839 iliyomruhusu mama kuomba mahakamani malezi ya watoto wadogo. Wanawake walioolewa walipata haki kamili ya kumiliki mali yao mwaka 1882. Mtu anayeandika kuhusu enzi hii akiwa hajui habari za Caroline Norton hajui shujaa wake wa kike anaogopa nini.

Nitie neno moja kuhusu tafsiri: mali ambayo bibi harusi wa Kiingereza alikuja nayo si mahari. Mahari hutoka upande wa mume. Ile ilitoka kwa baba wa binti kwenda kwa mume. Ukiliandika neno mahari hapo, msomaji wa Kiswahili ataielewa hadithi kinyume.

Maadui hawa wakutane wapi ikiwa kila kitu kilichungwa?

Dansi ni mahali pa kwanza, na inafaa mwandishi ajue ilivyokuwa kwa karibu. Katika dansi ya Kiingereza ya zamani wanaume walijipanga mstari mmoja na wanawake mwingine, wakitazamana, na wawili wa mwanzo ndio walioanza. Waliobaki walisimama wakisubiri zamu, huku mwanamume na mwanamke wakiwa umbali wa mkono mmoja, wakilazimika kuzungumza kwa sababu kukaa kimya kulionekana. Kisha zamu ilipofika, walishikana mikono iliyovaa glavu, wakazunguka, wakatenganishwa na wengine katikati ya sentensi, wakakutana tena baada ya kitambo, na jibu likatolewa kwa swali ambalo kila mmoja alikuwa ameshalifikiria upya. Mwanamke aliyemkataa mwanamume mmoja hakupaswa kucheza na mwingine usiku huo. Kwa hiyo binti anayependa dansi alikubali kucheza na adui yake, na wote wawili walijua sababu.

Barua ni mahali pa pili. Kabla ya mwaka 1840 aliyelipia barua kwa kawaida ni aliyeipokea, kulingana na umbali na idadi ya karatasi, ndiyo maana watu waliandika ukurasa mzima, wakaugeuza upande, wakaandika tena kwa kukatiza mistari ya kwanza. Mwanamume na mwanamke wasiokuwa wachumba hawakupaswa kuandikiana. Barua ya adui, basi, hutolewa mkono kwa mkono, njiani, bila salamu nyingi. Mwanamke anaubandua muhuri wa nta, anasoma mistari ya mlalo kwa hasira, anaigeuza karatasi asome ile iliyokatiza, na anapofika mwisho anagundua kwamba amesimama chini ya mti uleule kwa nusu saa na viatu vyake vimelowa.

Adui anageukaje kuwa mpenzi bila hadithi kuwa ya uongo?

Kwa matendo, na hasa matendo yaliyofanywa bila kutarajia kuonekana. Uzuri wa sura haubadilishi chuki. Mtu anaweza kumtamani anayemchukia na akazidi kumchukia kwa sababu hiyo. Kinachobadilisha ni habari mpya: kwamba alilipa deni la mtu aliyemtukana, kwamba alikubali mbele ya watu kuwa alikosea, kwamba alipokuwa na nafasi ya kumwangamiza mwenzake alinyamaza. Napendelea hatua ziwe nyingi na ndogo. Kwanza chuki inakuwa udadisi, udadisi unakuwa heshima, na heshima inakaa kwa muda mrefu bila jina lolote. Kisha mmoja anagundua kwamba siku ambayo hakubishana na yule mtu imekuwa siku tupu.

Kuomba radhi kunastahili ukurasa wake. Mtu aliyemdhuru mwenzake aseme alichofanya kwa jina lake, asijitetee, na asidai jibu papo hapo.

Je, inafaa shujaa wa kiume awe mkatili?

Hapana, na hapa sina shaka. Kiburi, ukaidi, ulimi mkali na imani potofu vinaweza kutibika ndani ya riwaya. Kumdhalilisha mwanamke, kumlazimisha, au kumtenga na watu wake si uadui kati ya walio sawa, na mapenzi hayavifuti. Kisa cha kweli cha Annabella Milbanke kinaonya: alimkataa mshairi Lodi Byron mwaka 1812, akamkubali miaka miwili baadaye akiwa na tumaini la kumwongoza katika njia njema, wakaoana tarehe 2 Januari 1815, na Januari 1816 akaondoka nyumbani na mtoto mchanga kifuani asirudi tena. Alikuwa amesikia sifa mbaya za mwanamume huyo, lakini hakuwa ameishi nazo kama adui anavyoishi nazo.

Utajiri wa makabaila hao ulitoka wapi, na je, watu weusi walikuwepo?

Ulitoka katika kodi za mashamba, makaa ya mawe, benki, na kwa familia kadhaa, katika jasho la watumwa wa visiwa vya Karibiani. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na sheria ya mwaka 1833 ilipokomesha utumwa katika makoloni yake mengi, fidia ya pauni milioni 20 ilitolewa kwa wamiliki, si kwa waliotumikishwa. Familia ya Lascelles, maeli wa Harewood, ilipokea zaidi ya pauni 26,000, na jumba lao la Yorkshire lililojengwa kwa utajiri huo wa sukari lipo hadi leo. Msomaji Mwafrika ana haki ya kuuliza sukari iliyo katika chai ya duki ilitoka wapi, na mwandishi makini anaweza kulifanya swali hilohilo kuwa chanzo cha uadui: binti aliyeapa kutotia sukari ya watumwa mdomoni, kama walivyofanya Waingereza wengi tangu miaka ya 1790, akikaa meza moja na mrithi wa mashamba ya Jamaika. Mapatano ya wawili hao hayawezi kuwa ya maneno matupu. Mrithi huyo itabidi apoteze kitu.

Watu weusi walikuwepo pia, tena hata ndani ya majumba. Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa mwaka 1761 na mama Mwafrika aliyekuwa mtumwa na baba ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alilelewa katika jumba la Kenwood na mjomba wa baba yake, Lodi Mansfield, jaji aliyeamua mwaka 1772 kesi mashuhuri ya Somerset, mtumwa ambaye aliyedai kummiliki alizuiwa kumwondoa Uingereza kwa nguvu. Mansfield alithibitisha uhuru wake katika wosia na kumwachia fedha, na mwaka 1793 Dido akaolewa.

Nani alianza kuandika hadithi za namna hii?

Ugomvi wa wapendanao ni wa kale katika tamthilia za Ulaya, lakini mfano unaorejewa zaidi ni riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice, iliyotoka Januari 1813. Wengi husahau kwamba shujaa wake wa kiume hana cheo chochote. Ana ardhi na pauni 10,000 kwa mwaka. Aliyeipeleka aina hii kwa malodi wa enzi ya Kaimu Mfalme katika karne ya 20 ni Georgette Heyer. Hapa kuna jambo linalonigusa kama msomaji wa Kiswahili: mwishoni mwa miaka ya 1920 mume wake, mhandisi wa madini, alifanya kazi Tanganyika, na Heyer akaishi naye huko porini katika kibanda cha nyasi. Huko ndiko alikoandika The Masqueraders, iliyochapishwa mwaka 1928, yenye glavu, panga na kumbi za dansi za London ya karne ya 18, akiwa mbali na vitabu vyake vya marejeo.

Nikiandika kwa Kiswahili, wahusika wazungumzeje?

Wazungumze kwa Kiswahili cha watu wenye adabu wanaokatana kwa maneno. Lugha yetu ina ustadi huo tangu zamani: katika miaka ileile ambayo makabaila wa London walikuwa wakitupiana vijembe dansini, Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, kila upande ukilipokea neno la mwenzake na kulirudisha likiwa na makali zaidi. Mazungumzo mazuri ya maadui wawili hujengwa hivyo. Anayejibu alichukue neno la mwenzake na kuligeuza, asianze hoja mpya kila mara.

Shikamoo isiingizwe katika kumbi hizo, kwa kuwa ina uhusiano wa umri ambao Waingereza hao hawakuwa nao. Heshima ibebwe na cheo na kitenzi: "naomba uniwie radhi, Lodi" ni umbali, "niache" ni ukaribu hata ikisemwa kwa hasira. Katika tabaka hilo hata mke aliweza kumwita mumewe kwa jina la cheo chake, kwa hiyo siku mwanamke anapotamka jina la kwanza la adui yake pasipo kukusudia, mwandishi asipite haraka. Neno mpenzi litunzwe. Nimewahi kuandika sura nzima nikilitumia mara kumi na mbili, na nilipolifuta mara kumi na moja sura ikasimama.

Ni makosa gani yanayojirudia zaidi?

Cheo kurithishwa kwa mtoto wa kuasili au wa nje ya ndoa, jambo lisilowezekana. Baba kumnyima mwanawe cheo kwa hasira. Angeweza kumnyima fedha zisizofungwa kwa hati, lakini si cheo. Duki kuuza jumba la ukoo kwa usiku mmoja. Binti wa miaka 18 kukaa peke yake chumbani na mwanamume kwa saa mbili bila mtu yeyote kunong'ona.

Je, lazima hadithi iishie kwenye ndoa?

Si lazima, lakini wasomaji wengi wanaitarajia, na ukiielewa sheria ya wakati ule ndoa ina mvuto wake. Ninachompendekezea mwandishi ni tukio la baada ya kiapo, ambalo wengi huliacha. Sheria ya mwaka 1753 iliwataka maharusi watie saini katika daftari la kanisa, pamoja na mchungaji na mashahidi wawili. Mume anasaini kwanza. Kisha kalamu inawekwa mkononi mwa mwanamke, naye anaandika jina la ukoo wa baba yake kwa mara ya mwisho, huku mtu aliyepigana naye kwa miaka mitatu akiishikilia karatasi isisogee.